Chuma Katika Damu ya Binti Yangu

Nimefanya kazi miaka thelathini katika karakana ya reli hapa Kamina, na ninaamini chuma kuliko mashauri ya watu. Kwa hiyo daktari aliposema binti yangu ana anemia SS, yaani selimundu, ile ya kuzaliwa nayo, mimi nilisikia neno moja tu: anemia. Damu haitoshi. Nikanunua dawa ya maji yenye chuma, ile tunayoiita sirop ya fer, nikawa nampa asubuhi na jioni bila kumuuliza mtu. Mtoto wa mtu wa reli akose chuma? Aibu gani hiyo!

Hata hivyo, kila Juni baridi ikiingia, mifupa ilimuuma hadi akajikunja kitandani. Mwaka jana alianza mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, na siku ya pili tukambeba kutoka darasani. Kaka yangu akaniambia niache kuhangaika na shule ya mtoto ambaye hatafika mbali. Nilimfokea. Lakini moyoni nilikuwa nawaza vilevile, na ninaandika hilo kwa aibu.

Aliyenifungua macho ni mama anayepima damu hospitalini. Aliiona chupa ikichungulia kwenye mfuko wa koti langu.

"Papa, hii fer njo unamupatiaka?"

"Njo hiyo. Minyi nataka damu yake ikuwe nguvu."

"Ah, papa! Fer iko mingi mu mwili yake, sababu ya ile damu tunamuongezeaka. Weye uko muntu ya reli. Chuma na hewa vinazalaka nini?"

"Kutu," nikajibu, nimenywea.

Akaniambia si kutu hasa, ila ni ndugu yake. Hewa tunayovuta inatupa uhai, lakini ina ukali wake, na mwili wenye afya huuzima. Kwa binti yangu ukali ule unazidi, na chuma cha ziada kinauchochea. Unachoma ngozi ya chembe nyekundu za damu mpaka zinakuwa ngumu, zinashikamana, zinashindwa kujipinda ili zipite kwenye mishipa myembamba. Damu inakuwa nzito na kukwama, na inapokwama ndipo panapouma. Mimi nilikuwa nikidhani damu nzito ndiyo afya! Miaka yote hiyo nilikuwa nampakia mwanangu mzigo kwa mkono wangu mwenyewe.

"Vidonge vya daktari kila siku, na maji," akasema. "Akunywe mbele ya kiu kufika."

Sirop nikaimwaga. Mwaka huu binti yangu akarudi kwenye mtihani, amevaa sweta mbili, ameshika chupa ya maji. Mlangoni msimamizi akamzuia.

"Chupa inabakia inje. Batoto banaandikaka formule ya hesabu ku karatasi ya chupa."

Hasira hasara, najua, lakini nilipandisha sauti hadi watahiniwa wote wakageuka. Binti yangu akanishika mkono. Akaibandua karatasi ya chupa taratibu, akaiinua chupa juani.

"Maître, angalia, hakuna kitu. Damu yangu ikikosa maji, inasimama. Minyi nataka kumaliza."

Msimamizi akaitazama chupa, akamtazama yeye, akasogea kando.

Siku nne alikunywa funda kwa funda, haba na haba hujaza kibaba, nami siku nne nilisimama nje ya ua nikiuangalia mlango ule. Siku ya pili alichelewa kutoka. Nikawa namhesabu kila aliyetoka. Kisha akatokea, kwa miguu yake, akilalamikia swali la hesabu. Machozi yakanitoka, nikamwambia ni vumbi.

Matokeo yalikuja kwenye simu. Amefaulu! Mke wangu akapiga vigelegele, majirani wakaja na poda ya kummwagia kichwani kama tunavyomfanyia kila anayeshinda, na aliyemaliza kopo zima ni kaka yangu yuleyule. Nilifurahi mpaka nikashindwa kunyamaza. Nikamvuta binti yangu kando, nikamwambia ukweli: mimi baba yake sikuamini kwamba atafika mbali.

Akanicheka, kope zake nyeupe.

"Nilijuaka, papa. Leta poudre ingine, hii haijatosha."