Plaiwudi ya Boti Iliyochelewa Kufika

Mguu wangu wa kulia ulizama hadi gotini. Nikabaki nimenasa katikati ya karavani langu, kile chumba cha kuvutwa na gari, kama mbuzi kwenye ua wa jirani.

Nikapiga kelele.

Nani angesikia? Tangu mke wangu Lorraine afariki, nyumbani kwangu Ishpeming, kaskazini mwa Marekani, iliyokuwa inaongea ni redio tu.

Nikajichomoa mwenyewe, suruali imechanika, nikachungulia lile shimo. Sakafu yote imeoza. Unaimega kwa vidole kama keki.

Karavani lenyewe ni la mwaka sitini na mbili, na nilikuwa nalitegemea. Binti yangu Shelby alikuwa mjamzito huko kusini, Arkansas, nyumba yake ndogo. Nilishamwambia, "Usihangaike, mama. Nakuja na chumba changu, nakiegesha uani. Theluji haitanikuta huku."

Sasa chumba hakina sakafu.

Nikaenda kwa Arvo, mzee mwenye duka la mbao karibu na reli. Tulikuwa tunajuana kwa jina na sura tu.

"Nipe zile bodi za vipande vya mbao vilivyobanwa kwa gundi. Za bei poa."

Akanitazama juu ya miwani. "Wendell, unataka sakafu au unataka uji? Zile zikinywa maji zinavimba."

"Basi mbao zenye dawa."

"Nzito. Na ile dawa inakula aluminiamu. Bati la karavani lako ni la nini?"

"Kuna zile bodi za plastiki..."

"Skrubu hazishiki. Kitanda utakifunga na nini, maombi?"

Nikacheka. Nikashtuka kusikia sauti yangu inacheka.

"Chukua plaiwudi ya boti," akasema. "Gundi yake haiogopi maji. Ila imeniishia. Pita wiki ijayo."

Nikapita. Bado.

Akanimiminia kahawa, tukabishana kuhusu cha kutandika juu. Vigae vitapasuka barabarani. Zulia litanuka. Tukaangukia kwenye linoleamu, lile tandiko laini lisilonywa maji.

Nikapita tena. Bado. Siku hiyo tulikula pai za nyama alizopasha juu ya jiko la kuni, akanifundisha kuziba kingo za mbao ili unyevu usipenye.

Nikirudi nyumbani nawasha redio, nazima. Ilikuwa haina ladha tena.

Shelby akapiga simu. "Baba, uko wapi? Daktari anasema ni muda wowote."

"Nasubiri mbao, mama."

"Mbao gani hizo, zinatoka mwezini?"

Kesho yake nilimkuta Arvo anaongea na simu. Nikazunguka nyuma ya duka kumsubiri. Upepo ukafunua turubai.

Plaiwudi ya boti. Rundo zima. Vumbi lililokuwa juu yake ungepanda viazi.

Nikamwita kwa nguvu. "Arvo! Hii ni nini?"

Akaja, akaona, akavua kofia. Hakujitetea.

"Ilikuwepo tangu mwanzo."

"Binti yangu anajifungua, wewe unanichezea?"

"Binti gani?" Akanikodolea macho. "Hujawahi kuniambia una binti. Wala haraka."

Kweli, sikuwahi kumwambia.

"Watu wanaingia hapa, wananunua misumari, wanatoka," akasema taratibu. "Wewe ulikuwa unakaa. Nikajua ukiipata, basi, hutapita tena."

Nilitaka kumtukana. Nikashindwa. Maana mji wa jirani, Marquette, mwendo mfupi tu kwa gari, kuna duka kubwa la mbao. Wiki zote zile sikwenda hata kuuliza.

Arvo alifunga duka. Tulikata, tukaziba kingo, tukakaza skrubu, wazee wawili tumepiga magoti kama tuko kanisani.

Wakati naunganisha karavani kwenye gari, theluji ikaanza kudondoka.

"Twende wote," nikamwambia.

"Duka nimwachie nani?" Akapigapiga bati la karavani kwa kiganja, akageuka, akaondoka bila kuangalia nyuma.

Arkansas nilimkuta mjukuu keshazaliwa. Shelby alinikumbatia, lakini aliniuliza swali moja tu: "Mbao, baba?"

Sasa kila Jumapili nampigia Arvo. Namuuliza nitumie nini kutengeneza paa la karavani. Ananieleza kwa kirefu, nami nasikiliza mpaka mwisho.

Paa langu halina tatizo lolote.

Wewe unayesoma hapa, kuna mtu unapenda kukaa naye. Mwambie leo, kwa mdomo wako. Ukishindwa kabisa, muulize habari za paa.