Kwa Nini Sikuondoka Chwaka

Siku ya kwanza nilishuka kijijini Chwaka na sanduku la bati, sare mbili nyeupe, na hasira. Mapinduzi yalikuwa hayajatimiza miaka miwili. Nilikuwa msichana wa Mlandege, mtaa wa mjini, ndiyo kwanza nimemaliza mafunzo ya ukunga, na nilitaraji wodi ya hospitali ya mjini. Mkunga Mkuu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alinipa karatasi ya kazi akasema, "Chwaka hawana mkunga. Utakwenda wewe."

Zahanati ilikuwa vyumba viwili mbele ya ghuba. Maji tulichota kisimani, na vyombo tulivichemsha juu ya jiko la mafuta ya taa. Asubuhi nilipima wajawazito, nikisikiliza moyo wa mtoto kwa kijibomba cha mbao. Mchana sikuwa na la kufanya. Wiki ya tatu nikaandika barua ya kuomba uhamisho.

Bwana Mganga, msimamizi wa zahanati, aliisoma akaitia bahashani. "Nitaipeleka, mwanangu. Lakini huu mji wetu hujaujua bado."

Miezi ikapita bila jibu. Adhuhuri moja akajifungua Mize, msuka mikeka wa jirani. Mtoto alitoka salama, na kondo la nyuma likatoka zima, lakini damu haikusimama. Nilimchoma sindano ya kukaza mji wa mimba, nikamkanda tumbo mpaka mikono ikafa ganzi. Damu inakuja tu. Alihitaji kuongezwa damu, na hiyo ilikuwa mjini. Gari la abiria lilishaondoka asubuhi.

Mama mkwe wake alikimbilia barabarani akasimamisha lori lililojaa mawe ya ujenzi. Mimi sikumwita mtu. Wanaume waliokuwa wakisuka madema ya kutegea samaki waliyaacha chini, wanawake wakaja kutoka pwani nguo zimerowa, wote wakashusha mawe kwa mikono. Kufumba na kufumbua lori likawa tupu, godoro limeshatandikwa.

Haji, mvuvi aliyekuwa hasemi na mume wa Mize mwaka mzima kwa ajili ya wavu, alipanda wa kwanza.

"Mie nnakwenda nawe, Bi Mkunga. Wakitaka damu, watoe yangu."

"Si mmegombana?" nikamuuliza.

"Ugomvi upo pale pale. Twende!"

Hospitalini walimtoa damu Haji na wenzake wawili. Nilikaa barazani mpaka daktari akatoka kusema Mize ameomba maji ya kunywa. Hapo ndipo nilipolia.

Mwezi uliofuata Mkunga Mkuu akaniita. "Ombi lako limekubaliwa. Jumatatu unaanza wodini."

Nikaitazama barua yangu mezani pake.

"Hukufurahi?"

"Nnashukuru, Bibi. Lakini nnaomba nirudi Chwaka."

Alinitazama juu ya miwani. "Si wewe uliyeandika barua hii?"

"Naam, ni mimi."

Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, akaichana ile barua.

Nilifanya kazi Chwaka mpaka nikastaafu, na nimebaki. Wakunga vijana wanaopangiwa huku huniuliza kama kuna maji, kama kuna umeme. Nnawaambia wayaulize hayo, ni haki yao. Kisha nnawaeleza kuwa hapa ukichelewa kufungua dirisha, watu huja kukutazama kama u mzima.

Leo nimejilaza kidogo baada ya alfajiri. Wameshagonga watatu.