Bibi wa Kiingereza na Kibuyu Changu

Kilichonitoa kwangu Muthara ni wivu, wala sioni haya kusema. Mke wa mwanangu alinipigia simu kutoka Manyatta, kule Embu, kwamba mjukuu wangu Kendi hatakuja kwangu likizo hii. "Siku hizi ako na cucu mwingine," akacheka. "Wa filamu za Waingereza." Kendi amepewa jina langu, kama mila yetu inavyotaka. Hadithi za jikoni alizipata kwangu tangu alipoota meno. Nikasema nitamfuata huko huko, nimwone huyo bibi mwenzangu.

Alfajiri nilijaza uji wa wimbi uliochachuka kwenye kibuyu cha marehemu mama mkwe wangu, cheusi kwa moshi, chenye ufa ulioshonwa mdomoni. Kwetu mwanamke haendi kuona wajukuu mikono mitupu. Matatu ilipopita Kianjai nilikuwa bado najivuna.

Saa tatu, mjini Meru, moyo ulinigeuka. Niliwazia makochi ya mwanangu, televisheni pana, na yule bibi na vikombe vyake vya maua. Niliingia duka la vyombo la Salim, nikanunua chupa ya chai inayong'aa, nikaumimina uji humo.

"Na hii kibuyu, mama?" Salim akauliza.

"Weka nyuma ya kaunta. Nitapitia nikirudi."

"Lakini hii ni kitu ya heshima, mama. Unaificha ya nini?"

"Wewe uza vyombo," nikamjibu.

Kutoka Chuka hadi Embu kona ni nyingi, na zote nilizipita nikimfikiria huyo bibi. Si kwamba Waingereza siwajui. Shuleni nilisoma vitabu vyao mpaka nikaijua theluji yao kabla sijaitazama vizuri ile iliyo juu ya mlima wetu.

Saa nane nilifika Manyatta. Kendi alinikumbatia, akanivuta kwenye kochi. "Cucu, keti, hapa ndio inafika patamu!"

Niliketi nikiwa tayari kulaani. Kwenye televisheni, bibi mwenyewe alikuwa mkavu, anaishi kwenye jumba lenye baridi. Posa ya mjukuu wake ilipokuja, alikaa na wazee wa ukoo, wakachambua jamaa za kijana mpaka babu wa tatu. Nikashtuka. Haya si ndiyo yetu? Sisi tukifanya hivyo tunaitwa washamba. Wao wakifanya wanapigiwa vinanda. Kisha akatoa birika la mama yake, lililovunjika mdomo, akakataza lisitupwe, na jamaa zake wote wakasimama kwa heshima. Kendi akafuta machozi. Wivu ukanizidi. Birika bovu!

Nikaona nami nijitetee. Nilifungua chupa yangu, nikammiminia mjukuu uji. Akaonja, akaiangalia ile chupa.

"Cucu, kibuyu iko wapi?"

"Imebaki Meru. Ni nzee, tena ina ufa."

"Aki cucu! Si hata birika ya huyu imevunjika?"

Akaenda kuleta daftari. Alikuwa akiandika hadithi kama zile za Waingereza, ila birika lake lilikuwa kibuyu, na jumba lake lilikuwa jiko langu.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Si ulinikataza kuongea mambo ya moshi na vibuyu shule? Ulisema watanicheka."

Nilikuwa nimesahau. Kweli nilimwambia hivyo, kwa mdomo wangu huu unaojisifia mila. Nikanywa uji.

Asubuhi yake Kendi alifunga nguo zake na daftari, akasema tunarudi wote. Chupa ya chai nilimwachia mama yake.

Meru tulikuta Salim amekipandisha kibuyu rafu ya juu kabisa, juu ya vikombe vyote vipya. Alikishusha mwenyewe. Kendi alikipokea kwa mikono miwili, akatia pua kwenye mdomo wake, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Hii harufu," akasema, "ndio nilikuwa nashindwa kuandika."

Wivu wangu bado ninao. Waingereza wanajua kutunza vyao na kuvionyesha bila kumwomba mtu radhi, na hilo nililifuata mpaka Embu ndipo nikajifunza. Lakini pale dukani, nikimtazama Kendi amekumbatia kibuyu, nilimhurumia yule bibi na birika lake lisilonuka chochote. Nilimhurumia kidogo. Kidogo tu.