Povu Juu ya Supu

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha, naye alikuwa amejifunika sufuria kichwani badala ya mwavuli. Ilikuwa sufuria ya kulisha watu hamsini, imemmeza mpaka mabegani. Aliingia kwenye kibanda changu cha ufundi, akaivua, nikaona mstari mmoja wa maji ukimtiririka kutoka utosini mpaka ncha ya pua.

“Fundi, usihangaike kutafuta tundu,” alisema. “Liko hapa hapa.” Akajigusa utosi.

Mimi si mtu wa maneno. Mteja akinisalimia hujibu huku nimeangalia nyundo. Lakini siku ile nilicheka mpaka nikadondosha koleo, naye akakaa kwenye kopo la rangi akinisubiri nizibe, akiniambia nigonge taratibu, sufuria ile ni mzee kuliko mimi.

Alikuwa mpishi wa kiwanda cha mbao. Jiko lake lilikuwa banda la mabati nyuma ya mashine za kupasulia, lenye dirisha moja ambalo nusu yake ilizibwa na rundo la magogo. Hakununuliwa mkaa wala gesi. Alipikia vipande vilivyobaki kwenye mashine, na vingine vilikuwa vimepakwa dawa ya mchwa, ambavyo moshi wake ulitoka mzito na mchungu. Ukikaa humo muda wa kunywa chai, unatoka unalia kama umefiwa.

Wafanyakazi walimwita Mama Mwiko. Wageni walidhani ni kwa sababu ya mwiko mrefu uliokuwa haumtoki mkononi. Wakongwe waliijua maana ya pili: jikoni kwake mambo mengi yalikuwa mwiko. Kufunua sufuria yake ilikuwa mwiko. Kuuliza chakula kitaiva saa ngapi ilikuwa mwiko, na jibu lake lilikuja vidoleni kwa mpini. Lakini mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa povu.

Kila asubuhi alichemsha mifupa. Maji yakianza kutokota, povu la kijivu linapanda, naye anaketi pembeni na kijiko chenye matundu, analiengua na kulimwaga kwenye ndoo ya taka. Linapanda tena, anaengua tena. Hainuki hata akiitwa na meneja.

“Povu ni uchafu wa mfupa,” aliniambia siku moja nilipompelekea sufuria. “Ukiliacha linazama, supu inakuwa kama maji ya kufulia. Ukiletewa supu ina povu, fundi, ujue mpishi alikuwa anapiga soga mlangoni.”

Supu yake ilikuwa safi kiasi kwamba niliona mikwaruzo ya chini ya bakuli. Nilianza kuzipeleka sufuria mwenyewe badala ya kumsubiri azifuate, na kila mara nilizipeleka saa za chakula. Wapakiaji wa magari waliligundua hilo kabla yangu.

“Shemeji kaja!” walipiga kelele nikiingia getini. “Shemeji, leo umetoboa sufuria gani ili upate kuiziba?”

“Mwacheni, atayeyuka huyo,” Mama Mwiko alijibu kutoka ndani ya moshi. “Nikose fundi kwa ajili ya midomo yenu?”

Alikuwa mjane. Binti yake aliolewa mbali. Miaka kumi na moja nilikwenda na kurudi na sufuria zile, na maneno yangu yote kwake ukiyakusanya hayajazi ukurasa. Sikuwahi kumwambia lililokuwa moyoni. Nilikaza vishikio vizuri kuliko vya wateja wengine, basi.

Kisha macho yakaanza. Kwanza yalikuwa mekundu tu, tukayazoea. Halafu siku moja alinipa sufuria akaiachia hewani, hatua moja kabla ya mikono yangu. Ikaanguka, na sisi wawili tukasimama tukiiangalia. Mimi niliiona, yeye aliisikia. Daktari wa macho hakumzungusha. Alimwambia miaka miwili zaidi ndani ya moshi ule, mama, utakuwa unatembea kwa kupapasa ukuta.

“Kazi nyingine siijui,” aliniambia. “Nikaoshe nguo za watu? Na madoa nitayaona wapi?”

Ndipo alipotokea kijana mmoja kiwandani kununua mbao. Hakutaka nzuri. Alitaka zilizoanza kuoza, zenye njia za mchwa, akazipachike kwenye kuta za mkahawa wake mpya.

“Hapo hapo nikajua huyu ana matatizo,” Mama Mwiko alisema akinihadithia. “Lakini akasikia harufu ya supu, akaomba. Alipomaliza bakuli akaniuliza kama ningependa kupika kwenye jiko la gesi, lenye bomba la kuvuta moshi juu na kiti cha kukalia. Kiti, fundi!”

Akampa mwezi mmoja wa majaribio. Mwisho wa mwezi kungekuwa na chakula cha mchana cha watu walioalikwa, wale ambao wakipasifu mahali mji mzima unakimbilia huko. Supu yake ikipokelewa, anaajiriwa moja kwa moja. Isipopokelewa, anarudi kwenye banda la mabati. Na kila mpishi aliruhusiwa kualika mgeni mmoja.

“Njoo wewe,” aliniambia. “Kwenye kundi lile, awepo hata mmoja anayeijua supu yangu.”

Nilinyoa ndevu, nikapiga pasi shati nililovaa harusini kwa kaka yangu.

Mkahawa haukuwa na kibao nje. Nilipita mlangoni mara tatu nikidhani ni ghala, na kweli lilikuwa ghala. Waliacha mabomba wazi na taa zikining'inia uchi kwenye nyaya. Meza ilikuwa moja, ndefu, watu kama thelathini. Nilikalishwa kati ya nguzo na mwanamke mwenye miwani mikubwa ya njano. Simu zao zilikuwa juu ya meza pale ambapo ningetegemea kuona chumvi.

Kwanza ulikuja mti wa kinywaji. Nasema mti kwa sababu bilauri zilining'inizwa kwenye matawi, uchume mwenyewe. Niliomba maji. Mhudumu, kijana mpole aliyenong'ona kama tuko wodini, akaniambia maji yapo ndani ya kokteli, kile kinywaji chao cha mchanganyiko. Yangu, kwa kuwa sikuchuma, ilikuja kwenye beseni dogo la kauri mfano wa lile la kuogeshea watoto, na bata wa mpira anaelea juu yake. Ilikuwa na ladha ya sabuni ya maua. Nilinywa kidogo, bata akanigusa mdomo. Nikamtema.

Ikafuata sahani ya mawe. Mawe saba ya mtoni, ya kijivu, yamelazwa juu ya majani.

“Mawili ni viazi,” mhudumu alinong'ona. “Vimepakwa udongo unaolika. Furahia kuvitafuta.”

Nina meno machache ya kuchezea. Niliyabonyeza mawe kwa kidole moja moja, jasho likinitoka, huku bwana wa ng'ambo ya meza akilamba jiwe la kweli na kufumba macho, akisema anauhisi mto. Nilipokipata kiazi kilikuwa kimepoa na mchanga wake ukalia kwenye magego. Nikameza. Kinyaa kilinipanda, lakini nilijiambia hiki si chake, yeye ni wa supu.

Halafu wakaleta moshi. Wallahi, moshi. Kila mtu aliwekewa kuba la kioo, na ndani yake moshi mweupe unazunguka juu ya kipande cha samaki kisichozidi kidole gumba.

“Moshi wa mbao za zamani,” alisema mhudumu. “Uvute kwanza.”

Wakafunua makuba wote kwa pamoja, wakainamisha pua, wakavuta. “Mmm,” wakasema. Mwanamke wa miwani ya njano akavuta mpaka machozi yakamtoka, akayafuta huku akicheka, akajipiga picha akiwa na machozi. Miaka kumi na moja nilimwona mwenzangu akijifuta macho kwa upindo wa aproni ndani ya moshi kama huo. Nililiacha kuba langu limefunikwa.

Ndipo supu ikaja.

Bakuli zilikuwa nyeusi, pana, na supu imekaa katikati kama kidimbwi. Na juu yake kulikuwa na povu. Si chembe, bali kilima cha povu la kijivu, linapumua, mapovu yake yanapasuka moja moja. Lilinuka maji ya dagaa.

Nikaona nimeelewa kila kitu: macho. Hakuliona. Jiko geni, taa ngeni, vijana wanamkimbiza, na mama wa watu hakuliona povu. Na hawa wenye simu wataonja, wataandika, na jioni atarudishwa kwenye banda la mabati.

Nikachukua kijiko, nikaliengua upesi kama alivyokuwa akifanya yeye, nikaliweka kwenye kisosi na kulifunika kwa kitambaa. Chini yake supu ilikuwa ile ile, safi. Nikaonja. Ilikuwa yeye. Nikatazama meza yote, bakuli thelathini, povu thelathini. Na mimi, ambaye sijawahi kumsemesha mwanamke nisiyemjua hata kwenye foleni ya maji, nikamgeukia jirani yangu.

“Samahani, dada,” nilisema. “Liengue hilo. Ni uchafu wa mfupa. Mpishi ni mzuri sana, leo amesahau tu.”

Akaweka kijiko chini. “Uchafu?”

“Wa mfupa.”

Akamnong'oneza wa pembeni yake. Neno likatembea mezani, nikaliona likitembea, vijiko vikilala kimoja baada ya kingine mpaka mwisho kule. Bwana aliyelamba jiwe akasukuma bakuli lake mbali na kujifuta ulimi kwa kitambaa.

Mwenye mkahawa akatoka, aproni nyeusi mpaka kwenye viatu. “Nani amesema povu ni uchafu?” Anatabasamu, lakini shingo imekaza.

Mwanamke wa miwani akanielekezea kidole. Sikuweza hata kukana.

“Povu hilo ndilo chakula chenyewe,” aliwaambia wageni. “Nilimwona mama yetu akiengua povu kila asubuhi na kulitupa, nikasema hapana, hapo ndipo hadithi ilipo. Leo asubuhi tumelipiga kwa mashine, la samaki na unga maalumu. Hebu aje mwenyewe awaambie.”

Mama Mwiko akaja. Walimvalisha kofia nyeupe ndefu, na macho yake, nilishangaa, yalikuwa meupe, wekundu umeisha. Mwezi mmoja tu bila moshi. Akatazama bakuli zile, na niliona uso wake ukisimama. Hakuwa amezipamba yeye. Povu lilipandishwa huko mbele, supu ikishatoka mikononi mwake. Kisha akakiona kisosi changu, akakifunua kitambaa.

“Mama,” mwenye mkahawa alisema polepole, “mgeni wako anasema ulisahau kuengua. Ulisahau?”

Watu thelathini wakasubiri. Nilitamani aseme. Nilitamani achukue kijiko kile chenye matundu aengue meza nzima. Alinitazama kwa macho yale yaliyopona, kisha akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

“Huyu ni fundi wangu wa sufuria, anapenda utani,” alisema. “Povu nimeliweka mimi. Ndiyo utamu wenyewe huo.” Akakisogeza kisosi mbele yangu. “Kula, fundi. Waone.”

Povu lilikuwa limeanza kulala na kuacha maji. Nilichukua kijiko nikala. Lilikuwa baridi, lina utelezi wa kamasi, na harufu ya dagaa ikaniingia puani kwa ndani. Nilimeza, likataka kurudi, nikameza tena. Nilikomba kisosi mpaka kikalia.

“Tamu,” nilisema.

Wakapiga makofi. “Kumbe ni sehemu ya mchezo!” mwanamke wa miwani akasema, na vijiko vikaanza kazi meza nzima, kila mmoja na povu kwenye mdomo wa juu, wakipigana picha. Nilitoka nikiwa nimebana mdomo kwa mkono, nikatapikia nyuma ya mapipa, kiazi, povu, vyote.

Nilikuwa bado nimeinama mlango wa jikoni ulipofunguka. Alisimama kwenye ngazi na kopo la maji, akanipa. Safari hii alilileta mpaka mkononi mwangu.

“Nimekuharibia,” nilisema.

“Hujaharibu. Amenipa kazi sasa hivi, mbele ya wote.”

Nikasukutua, nikatema. Jikoni feni ya bomba ilikuwa inavuma, na nyuma yake niliona kiti chake, kipya, kina mgongo.

“Dada,” nilisema, “kesho pia watakuwekea povu?”

Mtu akamwita kutoka ndani, “Mama, supu!” Alilosema baada ya hapo ndilo la mwisho nililolisikia kwake. Mkahawa ule hauzibi sufuria. Ikipata tundu wanaitupa. Alikuwa ameshageuka, mkono uko kwenye kitasa.

“Nenda ukale kitu, fundi,” alisema. “Na usije ukaniambia ulikula nini.”