Nilimwita Mume Wangu Mwizi

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe, maana humu wapo wanaonijua; mume wangu hana simu. Nina miaka 31, ni mzaliwa wa Mbozi, kwetu wakulima wa kahawa. Nina binti mmoja wa miaka sita. Mwaka huu tulihamia Chapwa hapa Tunduma, mume wangu akapata kazi ya kupakua mizigo kwenye malori.

Jamani, pombe! Afadhali ingekuwa bia. Ni vile viroba vinavyopenyezwa kutoka ng'ambo ya mpaka, anavifyonza tangu asubuhi, jioni anashushia na bangi. Akirudi, mzigo ni mimi. Kaning'oa jino la mbele. Kanimwagia uji wa moto begani. Nikilia "Nakufa jamani!" majirani wanaongeza sauti ya redio. Nilimuuliza mama wa nyumba ya pili mbona hata hodi hapigi, akanijibu, "Mama, ya wanandoa hatuingilii. Kesho mtapatana, wabaya tutabaki sisi." Haya.

Siku hiyo alikuja giza linaingia, kavaa kofia ya mzula kaushusha mpaka kwenye nyusi kwa ajili ya baridi, panga mkononi. Eti nimemfichia viroba vyake. Akamkamata mtoto nywele, akamwekea panga shingoni. "Sema vilipo, au namchinja huyu!" Nikamrushia sufuria ya maharage ya moto usoni. Akamwachia mtoto, nikambeba, nikatoka mbio, naye nyuma yetu. Nilijua nikilia "Nakufa" hatoki mtu. Nikapiga yowe, "Mwizi! Mwizi jamani!"

Weee! Mtaa mzima ulitoka. Bodaboda, wauza chipsi, hata yule mama wa nyumba ya pili na mchi wake. Sisi wageni, na ule mzula, nani angemtambua? Walimpiga mawe, wakampiga nondo, mguu ukavunjika nausikia kwa masikio yangu. Mmoja akaleta tairi. Hapo nikamweka mtoto chini, nikamlalia baba yake juu nalia, "Mwacheni, ni mume wangu!" Wakaduwaa. Wakadhani aliyeita ni mtu mwingine, mimi nimefuata kelele tu. Nami nikawaacha wadhani hivyo.

Sasa yuko nyumbani na magongo. Yeye hakumbuki kitu. Hanywi, maana hawezi kutoka kuvifuata. Mama mkwe kaja kutoka Nanyala kumuuguza, ananisifia kwa kila mtu, "Mkwe wangu alimkinga mwanangu kwa mwili wake." Kila asubuhi anasali: "Bwana, aliyemwitia mwanangu mwizi, umkaushe ulimi." Na mimi naitikia amina, nifanyeje? Nikiwa peke yangu naomba mguu usipone. Ndiyo, nimesema.

Jana kajaribu kutembea bila magongo, akavuka chumba. Akakaa, akacheka, akasema, "Nikipona nitamtafuta aliyeniita mwizi, nitamkata kichwa." Hakuwa na tone la pombe, ndugu zangu. Kisha akamvuta binti yetu, akampakata. "Mwanangu, wewe si ulikuwepo? Nani alimwita baba mwizi?"

Mtoto aliniangalia mimi.

Mama mkwe ananiona malaika, kwetu watasema nimemkimbia mgonjwa. Nimchukue mwanangu niondoke sasa angali anachechemea, au nimwambie mkwe ukweli kwanza? Mnaojua ndoa za namna hii, niambieni leo, kesho anaweza kumuuliza tena.