Bendera za Mjomba Kwenye Kamba ya Nguo

Mjomba wangu alikusanya bendera za meli za vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa bandarini Kilindini, fundi wa kushona katika karakana ya wanamaji. Bendera ikichakaa meli ilipewa mpya, na ile kuukuu ilitupwa. Yeye aliziomba hizo za kutupwa. Alipohamia Nakuru alikuja nazo katika sanduku la chuma. Kila mwaka, mvua ya masika ikikatika, alizianika uani kwake, mtaa wa Bondeni, ili nondo wasizile. Alikuwa na utaratibu wake: kamba moja, meli moja.

Mwaka ule Hali ya Hatari ilikuwa imeshatangazwa. Malori ya askari yalipita asubuhi na jioni, na watu walikuwa wakichukuliwa majumbani bila kuelezwa kosa. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, Kampala.

"Mjomba, lazima leo?" nilimwuliza alipofungua sanduku.

"Nondo hawajui hali ya hatari."

"Na uzitunze kwa nini? Meli si zako, vita si vyako. Wenye bendera ndio hao wanaotusimamisha barabarani."

"Wewe uliza tu," akasema, akibana kibanio. "Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Mkewe alisimama mlangoni, mikono kifuani, akitazama mbali. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua. "Mzee! Harusi ya nani hii? Mbona hatukualikwa?" Tulicheka. Lakini nilitazama kule alikokuwa akitazama mke wa mjomba, nikaona mteremko wa mlima Menengai, mweupe kwa jua, na nikaelewa. Aliye kule juu, askari au mtu wa msituni, angeziona kamba zetu vizuri sana.

Kabla ya adhuhuri lori lilisimama nje. Aliingia inspekta Mzungu, kijana mgeni asiyejua Kiswahili, na askari wawili. Alikuwa ameambiwa kuna mtu anayepeleka ishara msituni kwa vitambaa. Akatazama kamba, zile bendera ambazo meli hupeana ishara kwazo, za manjano, buluu, nyekundu, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekuta alichokitafuta. Akaniuliza kama najua Kiingereza. Nikawa mkalimani.

"Muulize zinasema nini."

"Hazisemi kitu," mjomba akajibu. "Zimepangwa kwa meli. Hii kamba ni ya meli ya kufagia mabomu ya majini. Ile ni ya meli iliyosindikiza misafara."

Nilitafsiri. Inspekta hakuridhika. Alitaka zote zing'olewe, akaamuru zipelekwe kituoni. Askari mmoja akaanza kuzivuta bila kufungua vibanio. "Polepole, bwana, hiyo si shuka ya mamako," mjomba akafoka, na askari mwenyewe akacheka kidogo, akaanza kufungua kimoja kimoja.

Ikabaki moja, peke yake kwenye kamba ya mwisho: nyeupe, msalaba mwekundu, bendera ya Mwingereza kwenye kona, imepasuka upande mmoja na kushonwa. Inspekta aligusa pindo lake. Akasema ni matusi kuiona katika hali ile, kwenye kamba ya nguo. Ichomwe hapa hapa, mbele yake, na mzee atabaki nyumbani. Asipotaka, apande lori.

Nilitafsiri neno kwa neno. Mke wa mjomba akapiga magoti pale mlangoni.

Mjomba hakunitazama. "Mwambie meli hii ilizama. Bendera ilikuwa mezani kwangu naishona, ndiyo maana haikwenda na mabaharia wake. Wale watu hawana kaburi wala jiwe. Mwambie siichomi."

Askari alikuwa ameshamshika mkono. Nilifikiri haraka. Huruma ya kijana yule sikuiamini. Hofu yake kwa wakubwa wake niliiamini. Nikasema kwa Kiingereza: "Anasema hii ni bendera ya Malkia, yeye hathubutu kuichoma. Kama wewe unaamuru, anaomba uamuru kwa maandishi."

Inspekta akaitazama ile kona ya bendera, akawatazama askari wake waliokuwa wakimsubiri. Akasema isionekane nje tena, akatoka. Lori likaondoka na zile nyingine zote.

"Umemwambia nini?" mjomba akauliza.

Nikamweleza. Nilitegemea shukrani.

"Ya Malkia?" Akaianua bendera. "Malkia alikuwa ndani ya meli? Mimi nimekwambia ya wale watu."

Akaikunja, akavaa kofia, akaelekea mlangoni aende kituoni. Mkewe akasimama, akatandaza mikono. "Pita basi. Nenda, uniache mjane kwa ajili ya kitambaa."

Akarudi, akaketi. Kiingereza chake kilikuwa cha amri za karakana tu. "Wewe msomi," akaniambia, "nifundishe kusema walikuwa watu, na wamekufa."

Nilimfundisha. Jioni nzima alirudia, na kila alipokosea nilifurahi, kwa kuwa nilijua akishaweza atakwenda. Asubuhi alikwenda, bendera nyumbani, maneno mdomoni. Mke wake na mimi tulimngoja mpaka tuliposikia viatu vyake uani.

"Nimewaambia," akasema.

"Wakasemaje?"

"Wamecheka."

"Na zile nyingine?"

"Wanafutia gari."

Akaketi, akaomba chai.