Kipimo Kiganjani mwa Verl

Jirani zangu Verl na Nedra Burdick walitengeneza bunduki za wawindaji maisha yao yote ya ndoa, kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba yao hapa Sorrel, Idaho. Chuma kilikuwa cha Verl, mbao za Nedra. Yeye alichonga vitako vya mti wa jozi na kuvipaka mafuta mpaka vikang'aa kama ngozi ya farasi, na alijibu simu, kwa sababu Verl hakupenda simu. Kiangazi Verl alikuwa akitanua maganda ya risasi uani kwa kuyashindilia unga wa mahindi na kuyafyatua hewani. Mtaa mzima ulinuka ukoko, na shuka zangu kambani zilipata vumbi la njano. Nililalamika kila mwaka. Mwaka huu sikuwa na cha kulalamikia.

Kiharusi kilimpata Verl mwezi wa pili. Kilichukua mkono wake wa kulia na maneno yake yote, kikamwachia moja tu: Alhamisi. Akitaka maji, Alhamisi. Akikataa supu, Alhamisi. Waumini wenzao walileta vile viazi vya jibini vinavyopelekwa msibani.

"Mtu hajafa, jamani," Nedra aliniambia, akifunua bakuli jingine. "Lakini ni vitamu. Kaa tule."

Nilizoea kwenda kukaa na Verl mchana ili Nedra apate nafasi ya kufanya kazi. Tulimweka karibu na jiko la kuni karakanani, blanketi magotini. Watu walioingia walimsalimu kwa sauti kubwa, kisha wakaendelea kuzungumza wao kwa wao juu ya kichwa chake kama vile wamepita kiti kitupu. Hata sisi tulianza kufanya hivyo. Mtu asiyejibu huanza kufifia machoni pa wenzake bila wao kukusudia.

Aliyezungumza zaidi ni DeLoy, kaka yake Nedra. "Dada, uza mashine ya kukereza. Yuko mtu Boise anaitaka. Wewe ni fundi wa mbao, si wa chuma. Na huyu," akamwelekezea Verl kidevu, "ndo basi tena."

"Bunduki ya Thayne imo humu," Nedra akasema. "Nitaimaliza. Nikiiweza, karakana inabaki. Nikishindwa, mwite mtu wako aje na lori lake."

Thayne Hokanson, mfuga ng'ombe, alikuwa ameiacha bunduki hiyo kwa Verl kabla ya kiharusi. Alitaka igeuzwe iwe ya paka mwitu. Ndivyo wanavyoziita huku risasi zisizotoka kiwandani. Mtu huchukua risasi ya dukani, risasi mama, akatanua mabega ya ganda lake, pale linapopungua kuelekea shingo, ili libebe baruti zaidi. Bunduki yenyewe ndiyo inayotanua: chemba, tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, huchongwa kwa umbo jipya, risasi mama hutiwa humo na kufyatuliwa, na ganda hutoka limechukua umbo la chemba. Uzuri wake ni kwamba ukisahau zako nyumbani, unanunua za kawaida kwenye kituo cha mafuta njiani, na bado unarudi na nyama.

Nedra alichonga chemba hiyo polepole sana. Alikuwa akigeuza, anasafisha, anapima, anageuza tena. Kipimo chenyewe ni kipande cha chuma chenye umbo la risasi mama. Ukikitia ndani ya chemba na komeo la bunduki likafungika juu yake, kina cha chemba kinatosha. Nedra alikuwa amemwona Verl akifanya hivyo kwenye bunduki za kawaida mara zisizo na idadi. Mwishowe akakitia, akasukuma komeo, nalo likateremka laini kabisa.

"Imekubali!" akasema, na uso wake ukawa wa msichana.

"Alhamisi!" Verl akapiga kelele. Akapiga mkono wa kiti. "Alhamisi! Alhamisi!"

Nedra alipokitoa kipimo na kumsogelea amtulize, Verl akakinyakua kwa mkono wake wa kushoto na kukifumbata. Alikuwa anatokwa jasho. Nedra alimfumbua vidole kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe.

"Amechoka," akaniambia. Nikaitikia kwa kichwa.

Thayne alirudi kabla wiki haijaisha, na hakuanza vichekesho vyake vya kawaida mpaka alipokwisha kuketi.

"Dada Burdick, nilikuomba bunduki, umenipa mashine ya kukatia mirija." Akailaza bunduki mezani, akamwaga maganda kando yake. Kila moja lilikuwa na mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako chake, kama pete. Moja lilikuwa limekatika hapo hapo. Nusu yake ilibaki ndani ya chemba.

"Umeumia?"

"Roho tu. Mke wangu anasema hiyo ilikuwa mbovu tangu zamani."

Nedra aliingiza waya uliopindwa ncha ndani ya ganda zima, akauburuta taratibu. Nilimwona akisita. Waya ulikuwa umenasa kwenye mfereji, pale shaba ilipovutwa ikawa nyembamba. Risasi ilikuwa inacheza ndani ya chemba. Ikilipuka, ubavu wake unashika ukuta, kitako kinarudi nyuma, na katikati panachanika.

"Lakini kipimo kilikubali," alisema.

DeLoy, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoa simu mfukoni. "Nampigia yule wa Boise. Aje Jumamosi ya wiki ijayo."

Walipoondoka, Nedra alivuta kigoda akaketi mbele ya mumewe, nami nikabaki na chai yangu ya minti inayopoa. Alikuwa na kipimo mkononi. Alikitazama, akamtazama Verl, na nadhani hapo ndipo alipokumbuka vile vidole.

"Ulikuwa unanikataza," akasema.

Verl hakupiga kelele safari hii. Alielekeza kidevu ukutani, ilipotundikwa bunduki yake mwenyewe, paka mwitu aliyoichonga ujanani. Nedra akaishusha, akahakikisha ni tupu, akatia kile kipimo, akasukuma komeo. Likagoma. Akasukuma tena. Likagoma.

"Mbona hii haikubali na inapiga miaka yote?"

Verl akanyoosha kidole kwenye kopo la risasi bubu, zile za dukani zilizotolewa baruti kwa ajili ya kupimia. Nedra akatia moja. Komeo likateremka, likakaza mwishoni kabisa, kisha likaingia kwa nguvu ya kiganja.

Nedra akaanza kusema, kwake mwenyewe zaidi kuliko kwetu. Risasi mama haina mabega mapana. Ndani ya chemba mpya hakuna kinachoishika mbele isipokuwa pale shingo inapoanzia. Kwa hiyo chemba ya mtoto, yaani ya paka mwitu, lazima iwe fupi kuliko ya mama, ufupi wa unene wa karatasi, ili mama akiingia abanwe asicheze; shaba yake hubanika kidogo, chuma cha kipimo hakibaniki. Kipimo kinachotakiwa kukubaliwa na bunduki ya kawaida, hii inatakiwa ikikatae.

"Ni hivyo?"

"Alhamisi," akasema Verl, kama mtu anayesema ndivyo haswa.

Nedra akafunika mdomo. Nilijua anachowaza kwa sababu nami nilikiwaza: yale yote yaliyosemwa karibu na jiko lile tangu mwezi wa pili, mashine, lori, ndo basi tena. "Ulikuwa unasikia kila kitu?"

Verl aliinua mkono wake mzima akaupeleka shavuni mwa mkewe, akauacha hapo.

Siku zilizofuata waliifungua bunduki ya Thayne. Nedra aliurudisha mtutu nyuma mzunguko mmoja wa hesi zake, ili chemba ifupike, na kuichonga upya, Verl akiwa ubavuni mwa mashine. Akigonga mara moja kwenye meza, endelea. Akiweka kiganja, simama. Aliweka kiganja mara nyingi, na Nedra akaguna, "Sawa, bwana mkubwa, sawa." Walipotia kipimo, komeo liligoma, nao wakacheka wote wawili kwa pamoja. Sikuwa nimesikia kicheko cha Verl tangu majira ya baridi.

Thayne alipiga risasi za dukani uani mwa nyumba yake akaleta maganda: mabega makali, ubavu safi, hakuna pete. "Sasa nina bunduki," akasema. "Nikimkosa kulungu elki mwezi wa kumi, itabidi nitafute uongo mwingine."

Mtu wa Boise alifika Jumamosi na lori lake. Nedra alimwambia mashine haiuzwi, akampa viazi vya jibini, na mgeni akaleta bunduki ya mjomba wake aliyokuwa nayo garini ili Nedra aitazame, kwa kuwa ilikuwa na kasoro.

Niliwaacha hapo. Nedra alikuwa amechukua kipimo kutoka kabatini, na kabla ya kuigusa bunduki ya mgeni, alivuka chumba akakiweka kiganjani mwa Verl.